Treni ya mandhari au ya kawaida? Zürich hadi Milano kwa njia ya Bernina

Swali: Mwezi wa tisa nasafiri kutoka Dar na mama yangu mwenye miaka 68 na mwanangu wa miaka 10. Tunafikia kwa dada yangu Zürich, tunakaa siku tano, halafu tunakwenda Milano kupanda ndege ya kurudi. Kila nikitafuta habari za treni za milimani naletewa Bernina Express na Glacier Express, na bei zake zinanitisha. Nilipie hizo, au treni za kawaida zinatosha? Na je, ni kweli kwamba bila kukata kiti mapema hatutaona kitu?

Jibu: Dada, kwanza mfikishie mama shikamoo. Kwa njia mnayokwenda nyie, treni za kawaida zinatosha, na kwa mambo mawili matatu zinaishinda ile ya mandhari. Glacier Express iache kabisa safari hii. Inatoka Zermatt kwenda St. Moritz, yaani inakatiza Uswisi kutoka magharibi kwenda mashariki, na nyie mnashuka kusini.

Matangazo hayalisemi hili wazi: hakuna reli maalumu ya treni ya mandhari. Bernina Express ni ya kampuni ya Rhätische Bahn, na kampuni hiyohiyo ndiyo inayoendesha treni za kila saa zinazobeba wanafunzi, wafanyakazi wa hoteli na wapanda milima. Zinapita juu ya madaraja yaleyale na kuingia mahandaki yaleyale. Reli yenyewe ina upana wa mita moja, sawa na reli yetu ya zamani ya Dar hadi Kigoma, na upana huo mdogo ndio unaoiwezesha kupinda kona kali sana mlimani. Kwenye sehemu ya Bernina mwinuko unafika mita 70 kwa kila mita 1,000, na treni inapanda kwa magurudumu yake tu, bila reli ya meno. Unesco iliiweka njia hii, ya Albula na Bernina, kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kilichoorodheshwa ni reli na mazingira yake, na hivyo utaviona hata ukipanda treni ya nauli ya kawaida.

Sasa ile ada ya ziada unailipia nini? Vitu vitatu: dirisha kubwa linalopanda mpaka kwenye paa, kiti chenye namba yako, na kutoka Chur, mji wa mashariki mwa Uswisi, mpaka Tirano, mji wa Italia mpakani, bila kushuka. Ada ya kiti inapanda na kushuka kwa msimu na urefu wa safari. Hesabu kama faranga 30 kwa kichwa, na mtoto naye analipa kwa sababu anakalia kiti. Nyie watatu mnakaribia faranga 100, na hiyo ni juu ya nauli. Wengi hapa ndipo wanapokosea: wana Swiss Travel Pass, ile pasi ya watalii ya siku kadhaa, wanadhani imemaliza kila kitu, wanaingia Bernina Express bila namba ya kiti. Pasi ni nauli. Kiti ni malipo mengine, na kwenye treni hiyo ni lazima. Kwenye ratiba ya reli za Uswisi utaitambua kwa herufi PE. Treni za kawaida zimeandikwa R, RE au IR, na hizo unapanda na kukaa popote.

Dirisha lile kubwa lina kasoro yake: halifunguki. Ni zuri kwa kutazama, lakini kwa picha linasumbua, maana kioo kilichopinda kinarudisha taswira ya viti vya upande wa pili, taa, na shati jeupe la mpiga picha mwenyewe. Ukiipanda, vaa nguo ya rangi nyeusi au ya giza, na gusisha lenzi ya simu kwenye kioo kabisa. Ukiacha hata upana wa kidole, unapiga picha ya abiria wenzako. Treni za kawaida kati ya Chur na St. Moritz nyingi ni zile mpya ziitwazo Alvra, na ndani yake kuna chumba kidogo cha wapiga picha ambacho madirisha yake yanashuka. Kwenye njia ya Bernina yenyewe, kichwa cha treni, kile chekundu kiitwacho Allegra, kina madirisha yaliyofungwa, lakini mabehewa ya zamani yanayovutwa nyuma yake mara nyingi yana madirisha ya kushusha kwa mkono. Tembea jukwaani ukiangalia: dirisha lenye vishikio viwili juu ndilo linalofunguka. Mwanao atalipenda, ila mwambie mapema asitoe kichwa wala mkono nje, kwani kuta za mahandaki ziko karibu mno na behewa.

Hali ya hewa

Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kukupeleka kwenye treni ya kawaida. Kituo cha juu kabisa, Ospizio Bernina, kiko mita 2,253 juu ya usawa wa bahari. Huko wingu likikaa, limekaa. Unaweza kulipia dirisha la kupanda mpaka paani ukatazama ukungu mweupe kwa saa nzima, wakati mtu aliyesubiri mpaka mchana anaona kila kitu. Kiti cha Bernina Express kimefungwa na treni moja, siku moja, saa moja. Treni za kawaida zinapita kila saa.

Kwa hiyo fanyeni hivi: jioni ya kabla ya safari, na tena asubuhi, fungua kamera za mtandaoni za Diavolezza, mlima ulio pembeni ya njia hiyo. Ukiona kilele, ondokeni mapema. Ukiona kijivu kitupu, kunyweni chai, muondoke saa mbili baadaye. Usihukumu kwa hali ya Zürich, kwani upande wa kaskazini wa Alps unaweza kuwa na mvua na upande wa kusini, Poschiavo na Tirano, jua kali siku hiyohiyo.

Uhuru mwingine ni kushuka njiani. Tiketi ya kawaida ya Uswisi inatumika siku nzima, unaweza kushuka na kupanda inayofuata. Pa kushuka ni Alp Grüm, mita 2,091. Hakuna barabara ya gari inayofika hapo, ni reli au miguu. Kituo kina mgahawa wenye baraza, mbele yako barafuto (mto wa barafu) la Palü linaning'inia, na chini kabisa bonde la Poschiavo, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini. Kaeni saa moja, mama apumzike, treni ijayo iwachukue. Bernina Express nyingine husimama hapo dakika chache za kupiga picha, kisha abiria wote wanarudi kwenye viti vyao.

Angalizo: kwenye vituo vidogo vya njia hii treni ya kawaida haisimami mpaka iombwe. Ukiwa ndani bonyeza kitufe cha kusimamisha kabla ya kufika. Ukiwa kituoni kuna kitufe jukwaani. Asiyejua anapitishwa kituo chake, au anaitazama treni ikimpita.

Wapi treni ya mandhari inastahili pesa yake

Sitaki uone kama ni ulaghai. Mtu asiyeweza kabisa kubadilisha treni, au kundi la watu wanane wanaotaka kukaa pamoja, walipie. Vilevile anayesafiri Julai au Agosti saa za mchana, wakati treni za kawaida kati ya St. Moritz na Tirano zinajaa vikundi vya watalii mpaka watu wanasimama. Mwezi wa tisa nafuu ipo, lakini Jumamosi na Jumapili kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana bado panabanana. Kwa ajili ya mama, ama muondoke mapema, ama muongeze nauli mkae daraja la kwanza la treni ya kawaida. Viti huko ni vipana, watu ni wachache, na huhitaji namba. Kwa maoni yangu nyongeza hiyo ina faida zaidi kwa mtu mzima kuliko kioo cha paani. Ukikuta behewa limebandikwa karatasi ya kikundi, pita tu, tafuta jingine.

Na Glacier Express, kwa kuwa umeiuliza: ni kilomita 291 kwa takriban saa nane, madaraja 291, mahandaki 91, chakula unaletewa kitini. Kwa safari ndefu hivyo hoja ya kukaa sehemu moja ina uzito, maana kwa treni za kawaida utabadilisha mara tatu au nne: Visp au Brig, Andermatt, Disentis, kisha Reichenau au Chur. Ada ya kiti peke yake iko karibu na faranga 50, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba haifanyi kazi. Akitokea ndugu yako anayetaka kuipanda, mwambie jambo moja: inapofika Chur inageuza mwelekeo. Aliyechagua kiti cha kulia kutoka Zermatt atajikuta kushoto mpaka mwisho.

Njia yenu, hatua kwa hatua

Msifanye safari hii siku ya ndege. Kutoka Zürich hadi Milano kwa Bernina ni saa nane hadi tisa bila kushuka kula, na ukikosa treni moja Tirano unaweza kusubiri saa mbili. Ondokeni Zürich siku mbili kabla. Bora zaidi, laleni usiku mmoja Pontresina au Samedan, ili asubuhi muwe tayari mlangoni mwa mlima na nafasi ya kuchagua saa kulingana na wingu.

Zürich hadi Chur ni saa moja na robo hivi. Kaeni kushoto mkitazama mbele: ziwa la Zürich liko upande huo, na baadaye Walensee chini ya ukuta wa miamba. Chur nunueni chakula kituoni, kwa sababu siku za Jumapili maduka mengi ya mjini hufungwa na ya kituoni hubaki wazi. Treni nyekundu za Rhätische Bahn ziko kituo hichohicho, unafuata mabango tu.

Kutoka Chur kwenda St. Moritz hamieni kulia, na behewa la nyuma. Kabla ya Filisur mtapita daraja la Landwasser, lililojengwa kwa mawe mwaka 1902: urefu mita 136, kimo mita 65, limepinda, na mwisho wake linaingia moja kwa moja kwenye tundu lililotobolewa kwenye ukuta wa mwamba. Aliye behewa la nyuma ndiye anayeona kichwa cha treni yake kikimezwa na jabali, aliye mbele anaona giza. Tukio zima halifiki dakika moja, kwa hiyo treni ikishaondoka Tiefencastel simu iwe mkononi. Baada ya Bergün reli inajizungusha ndani ya mlima ili ipande zaidi ya mita 400 mpaka Preda. Kanisa la Bergün litaonekana kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, mpaka mama aulize kama mnarudi mlikotoka. Halafu ni handaki la Albula, karibu kilomita sita, jipya lililofunguliwa mwaka 2024.

Samedan ndipo pa kushuka kama mnalala hapo au Pontresina. Kama mnaendelea siku hiyohiyo, ratiba itawaelekeza kubadilisha Samedan na Pontresina, au kwenda moja kwa moja hadi St. Moritz ambako treni ya Tirano inaanzia. Chagueni St. Moritz. Mnaongeza muda kidogo, ila mnaingia treni ikiwa bado tupu na kupata viti vinne vya kutazamana vyenye meza ndogo dirishani. Anayepandia Pontresina anakuta wenzake wameshachagua.

Kutoka hapo hadi Tirano ni kilomita 61, saa mbili na nusu hivi. Kulia tena. Baada ya kituo cha Morteratsch reli inapiga kona ya Montebello na barafuto la Morteratsch linajitokeza, juu yake Piz Bernina, mita 4,049. Barafu imerudi nyuma sana, na mwezi wa tisa sehemu ya chini huwa ya kijivu yenye mawe, msishangae. Mbele kidogo kuna maziwa mawili karibu karibu. Lej Nair ni jeusi na maji yake yanaishia Bahari Nyeusi kwa kupitia mto Danube. Lago Bianco ni jeupe kwa vumbi la mwamba lililosagwa na barafu, na maji yake yanashuka Italia hadi Bahari ya Adria. Mmevuka mgongo wa Ulaya bila kusimama.

Kisha mteremko: kutoka mita 2,253 hadi mita 429 Tirano. Masikio yataziba, mpe mtoto peremende, na mama ameze mate mara kwa mara. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida muda mfupi huko juu si tatizo, ila kama mama ana maradhi ya moyo au mapafu amuulize daktari wake kabla. Chukueni sweta hata kama Zürich kuna joto. Le Prese treni inapita barabarani katikati ya magari na milango ya watu, na Brusio inazunguka duara kamili juu ya daraja la matao, ikijipita chini yenyewe. Hapo pia kulia.

Tiketi gani

Kwa Zürich hadi Tirano tu, bila safari nyingine nyingi, tiketi ya siku ya punguzo, Saver Day Pass, mara nyingi ndiyo nafuu. Inauzwa hadi miezi sita kabla, ikianzia faranga 52 daraja la pili kwa asiye na kadi ya nusu nauli, na bei inapanda kadiri siku inavyokaribia. Kasoro yake: ina tarehe na hairudishwi. Inakubana siku, haikubani saa, kwa hiyo ule ujanja wa kusubiri wingu lipite bado unafanya kazi. Mkilala Pontresina mtahitaji tiketi ya siku mbili, na hapo fanya hesabu upya.

Kama ndani ya siku zenu tano mtazunguka Luzern, Bern na kwingineko, Swiss Travel Pass ya siku 3, 4, 6 au 8 inaweza kuwa bora. Ya siku 3 iko karibu na faranga 250. Mtoto wa miaka 6 hadi 15 anasafiri bure na mzazi mwenye pasi, mradi uombe kadi ya familia wakati wa kununua. Dada yako haruhusiwi kuinunua kwa ajili yake mwenyewe, ni ya wasioishi Uswisi. Yeye atumie kadi yake ya nusu nauli.

Mtego mmoja wa programu ya ratiba: ukiandika Zürich na Milano, itakupa treni ya kasi ya saa tatu na dakika chache, inayopita handaki la Gotthard la kilomita 57. Ni treni nzuri, ila Alps utazipita gizani. Andika "kupitia Tirano". Na kama asubuhi mama ataamka amechoka, msilazimishe Bernina: kuna Treno Gottardo, treni ya kawaida isiyo na ada, inayopanda reli ya zamani ya Gotthard ya mwaka 1882 na kupita kanisa la Wassen mara tatu kwa vimo vitatu tofauti. Mnashuka Bellinzona na kuunganisha Lugano na Milano.

Upande wa viza, Uswisi na Italia zote ni Schengen, viza moja inatosha na kuvuka mpaka Tirano hakuihesabii kama umetoka. Omba kwenye ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, kwenu Uswisi. Pasipoti ziwe mkobani, si kwenye begi la juu, maana maafisa wa forodha wanaweza kupita ndani ya treni.

Tirano, stesheni ya Italia iko hatua chache kutoka ile ya Uswisi, ng'ambo ya uwanja mdogo. Pasi na tiketi za Uswisi zinaishia hapo. Nunueni tiketi ya Milano Centrale, treni inatoka kila baada ya saa mbili na inachukua saa mbili na nusu. Kaeni kulia, ziwa Como litawafuata kutoka Colico hadi Lecco. Tiketi ya karatasi igongeni kwenye mashine ya jukwaani kabla ya kupanda, la sivyo ni faini hata kama umelipa. Na angalieni siku moja kabla kama kuna mgomo wa reli Italia. Hutangazwa mapema, na ukiangukia siku yenu, rudini kwenye njia ya Gotthard siku inayofuata.